Kiraka cha Neno Moja

Wengi wanaofika Ibarani hurudi kimya, kama watu waliotoka kwenye kikao kirefu. Kidawa binti Mwinyikondo alirudi na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomfungua kinywa. Haya ndiyo yaliyomkuta, kama alivyowasimulia watu wa kwao. Chumvi hakuitia, maana huko kwenyewe ilikuwa imeshazidi.

Kidawa alikuwa fundi wa programu za mita za maji, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwepesi wa vidole na mfupi wa subira. Idara ya maji ya Ibarani ilimwalika kwa wiki mbili akague mita zake. Siku ya kwanza aliona kwamba mitaa yote ya mji ilipinda baada ya hatua sabini na mbili. Alipouliza sababu, mwenyeji wake alishangaa kuulizwa. Mstari wa maandishi haupaswi kuzidi herufi sabini na mbili, alimweleza, na nchi yenye akili haiwezi kuwa na sheria moja ya mistari na nyingine ya barabara.

Aliona pia kwamba Waibara hawajibu mpaka wamerudia kwanza ulichowaambia. Ukimwamkia mtu shikamoo, atasema, "Umesema shikamoo. Marahaba." Anayetanguliza jibu kabla ya kurudia swali huhesabiwa hana malezi. Na hakuna mtu aliyetembea na mzigo ubavuni. Mizigo yote ilikuwa kichwani au mgongoni, maana kitu kilichoning'inia kando ya mtu kilifanana na kiambatisho, na viambatisho katika nchi ile vilikuwa aibu. Kidawa alizungushwa mji mzima na begi lake la kompyuta kichwani, akacheka, akasema kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Kilichomfurahisha zaidi ni Mgawaji. Hilo ndilo lilikuwa jina la programu iliyofungua na kufunga mabomba ya nchi nzima, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Mgawaji hakuwa mali ya mtu. Yeyote aliyeona kosa ndani yake alikuwa na haki ya kuandika sahihisho, waliloliita kiraka, na kulituma kwa barua pepe kwa Baraza la Viraka. Baraza likilikubali, karani huliingiza, na nchi nzima hunufaika. "Hawa ni watu wazima," Kidawa alijisemea. Hakuwa ameonana na Baraza bado.

Alipangiwa chumba kwa Bi Hadia, nesi wa zahanati ya Mteremko, mama wa makamo mwenye viatu vya mpira na sauti ya kuamrisha. Zahanati ilikuwa jengo la mwisho la mtaa ule. Asubuhi ya tatu Kidawa alimkuta Bi Hadia ameinama juu ya ndoo, akigawa maji kwa kikombe: kikombe hiki cha mikono, kile cha vyombo, kile cha mama aliyejifungua alfajiri.

"Bomba limekatika, Bi Hadia?"

"Umesema bomba limekatika. Halijakatika, mdogo wangu. Halitoi. Lina miezi minne halitoi. Jirani wa juu anapata, mimi sipati. Naomba kwake ndoo, na yeye kachoka kuombwa."

"Umewaambia wenyewe?"

"Nimewaambia. Wameniambia Mgawaji hana kosa lililoripotiwa kwa namna inayokubalika."

Kidawa alikaa kwenye benchi la wagonjwa na kompyuta yake mapajani. Haikumchukua nusu saa. Tangu toleo la mwisho la Mgawaji kulikuwa na mstari ulioagiza: gawa maji nyumba hadi nyumba, ishia kabla ya nyumba ya mwisho. Mtu alikuwa amechomeka neno *kabla* pasipohitajika. Katika mitaa mingine nyumba ya mwisho ilikuwa ghala au uwanja, ndiyo maana hakuna aliyelalamika. Mteremko, nyumba ya mwisho ilikuwa ya kuzalishia.

"Ni neno moja, Bi Hadia," alisema. "Nalifuta sasa hivi. Kesho utaoga."

Bi Hadia alimtazama kwa huruma, akarudi kwenye ndoo yake.

Kiraka cha kwanza kilirudi kabla ya adhuhuri. Kidawa alikuwa amekiambatisha kwenye barua, na jibu lilikuwa la mstari mmoja: *Mtumaji asome Mwongozo wa Kutuma Viraka, kifungu cha nne.* Aliusoma. Ulikuwa na kurasa sitini na moja, na kifungu cha nne kilisema kiraka kiwekwe ndani ya barua, kisiwe kando yake. Jambo hilo aliliona lina maana. Anayekagua husoma kiraka na maelezo yake mahali pamoja, na hunukuu mstari anaoutilia shaka. Akaomba radhi, akakibandika ndani, akatuma toleo la pili.

Lilirudi. Kichwa cha barua kilimalizikia kwa nukta, na vichwa havina nukta. Akatuma la tatu. Lilirudi pia, kwa sababu alikuwa ameandika "Nimefuta neno la ziada" badala ya "Futa neno la ziada". Mkaguzi alifafanua kwa upole kwamba Waibara huiamuru programu, hawaisimulii. La nne lilirudi kwa kukosa namba ya toleo. La tano lilirudi kwa sababu chombo chake cha barua kilikuwa kimeikunja mistari njiani, na kiraka kilichokunjwa hakiingii. Kila sababu, ukiichukua peke yake, ilikuwa na akili. Hilo ndilo lililomchosha, kwamba hakuwa na hata sababu moja ya kuikasirikia kwa haki.

Toleo la sita lilijibiwa hivi: *Kazi safi. Hatuna la kusahihisha. Hata hivyo, jana kifungu cha nne kilifunguliwa upya ili kiboreshwe maneno. Kwa kuwa hakuna anayeweza kusemwa amefuata mwongozo usiokamilika, viraka vyote vinasubiri.*

Wakati huo wiki zake mbili zilikuwa zimekwisha. Aliwaandikia wa kwao kwamba atachelewa, akajitwika begi, akaenda Jumba la Baraza.

Karani aliyekuwa mlangoni aliitwa Nukta. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu mbili sikioni. Nyuma yake palikuwa na kibao kilichofunikwa kitambaa cheupe.

"Nikae wapi nisubiri?" Kidawa aliuliza.

"Umeuliza ukae wapi usubiri. Kibao kinasema, lakini maneno yake yanaboreshwa. Kwa sasa wageni wanasimama."

"Bwana Nukta, nimetuma kiraka cha neno moja."

"Nakijua. Nimekisoma mara sita. Ni kizuri."

"Basi kiingize!"

Nukta alishusha sauti. "Dada, mkono ni wangu, ruhusa si yangu."

Ndani ya ukumbi Kidawa alikuta watu thelathini na wanne wamekaa makundi matatu. Mwenyekiti aliitwa Bi Mkato, mwanamke nadhifu aliyetua kidogo baada ya kila maneno machache. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa kama kifungu cha nne kiseme kiraka kiwekwe *ndani ya* barua, *katika* barua, au *kwenye* barua. Wandani, waliokaa kushoto, walisema maneno yao ndiyo ya asili na hayana shaka. Wakatika walijibu kwamba "ndani ya" humfanya mtu afikirie bahasha, na barua pepe haina bahasha. Wakwenye walisema "katika" ni la kimahakama mno na linawatisha vijana. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja peke yake, ambaye kila baada ya robo saa alisimama na kusema neno moja tu, "Baruani," kisha akakaa.

Kidawa aliomba nafasi. Aliwaeleza habari za zahanati, ndoo na vikombe. Alisema kwamba mle mtaani wanawake wanajifungua bila maji.

"Umesema wanawake wanajifungua, bila maji," alisema Bi Mkato. "Inasikitisha. Hilo linahusu, kifungu kipi?"

"Halihusu kifungu! Linahusu watu!"

Minong'ono ikazuka. Alikuwa amejibu kabla ya kurudia. Bi Mkato alimsamehe kwa kuwa ni mgeni, na mjadala ukaendelea.

Kidawa alirudi siku ya pili, na ya tatu, na wiki iliyofuata. Kuna siku Wandani na Wakatika waliungana dhidi ya Wakwenye, akadhani yamekwisha. Kumbe waliungana kuomba kamati ya kueleza maana ya "barua". Alianza kuota vihusishi. Alimgombeza muuza mihogo aliyemwambia mihogo iko kwenye kikapu, akamuuliza kwa nini asiseme kikapuni, kisha akaona haya, akanunua yote.

Nyumbani mambo yalizidi kuwa mabaya. Jirani wa juu alikuwa amefunga geti lake, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Bi Hadia na wahudumu wake walipanga mstari wa ndoo kutoka mtaa wa tatu. Siku ya ishirini na tisa tangu barua ya kwanza alifika mwanamke aitwaye Siwatu, mshonaji wa mtaa uleule, uchungu umempata ghafla na mstari wa ndoo haujaanza. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, mwenye sauti. Lakini maji yalikuwa kikombe kimoja na nusu. Bi Hadia alichagua cha kuosha, na hakuna alichochagua kilichotosha. Siku mbili baadaye Siwatu alipandwa na homa.

Kidawa alikuwa akimpepea jioni moja pale Siwatu alipofumbua macho na kumuuliza, "Wewe ndiye yule fundi?"

"Ndiye mimi."

"Watu wanasema unajua bomba lina nini."

"Najua."

"Sasa mbona hulitengenezi?"

Kidawa alifungua kinywa amweleze kifungu cha nne. Alisikia jinsi kitakavyosikika. Akaendelea kupepea.

Kesho yake hakuingia ukumbini. Alibaki mlangoni na Nukta, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Karani alimwangalia, akatoa nakala yake ya Mwongozo iliyochakaa, akaifungua ukurasa wa mwisho.

"Hakuna anayefika hapa," alisema. "Soma."

Mistari ilikuwa miwili. Raia yeyote wa Ibarani, ilisema, aweza kuja mbele ya Baraza na kuufuata Mwongozo hatua kwa hatua mbele ya macho yao, na mahali atakapokwama patahesabiwa ni kosa la Mwongozo.

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Wewe si raia. Halafu," Nukta alijikuna kichwani, "mimi ni karani, dada. Mtu akikaa mlangoni miaka kumi na tisa, huanza kujiona sehemu ya mlango. Jana nilikwenda kumwona Siwatu. Ni binti wa shangazi yangu."

Siku ya thelathini na nane Bi Hadia aliingia ukumbini na viatu vyake vya mpira, aproni yake ina madoa, na mikono yake hakuificha. Hakusubiri kupewa nafasi.

"Mimi programu siijui," alisema. "Nimekuja kuufuata huo mwongozo wenu. Kaeni mtazame."

Bi Mkato alifungua ukurasa wa mwisho, akausoma mara mbili, akageuka rangi kidogo, akaagiza kompyuta iletwe mezani. Kidawa alikatazwa kusogea. Alisimama ukutani amejifumbata, na mstari wake mmoja ulikuwa tayari kwenye kompyuta ile, ukingoja kutumwa.

Bi Hadia alisoma kwa sauti kifungu cha kwanza. "'Mtumaji atahakikisha kwamba matini ya kiraka haikugeuzwa na chombo chake cha utumaji.' Chombo gani? Sufuria?"

Baadhi walicheka. Mkuu wa Wakatika akaeleza kwamba ni ile programu ya barua pepe.

"Basi mngesema programu ya barua pepe. Haya, haikugeuzwa. Nitajuaje kama imegeuzwa?"

Watu thelathini na wanne walitazamana.

"Kwa kawaida," alisema Bi Mkato, "mtumaji, anajua."

"Mimi sijui. Nimekwama. Imeandikwa nikikwama kosa ni lenu. Nani kati yenu ameshawahi kutuma kiraka?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Mkuu wa Wandani alisema yeye alikaribia kutuma, wakati wa ujana.

Ni Nukta aliyejibu, kutoka mlangoni. "Unajitumia wewe mwenyewe kwanza, Bi Hadia. Barua ikikufikia, unaifungua na kukijaribu kiraka kwenye nakala yako. Kikiingia, basi hakikugeuzwa."

"Hilo naliweza. Mbona halikuandikwa?"

"Lilionekana la kijinga," alisema mtu mmoja.

"Liandike," Bi Hadia alimwamuru Nukta, kwa sauti anayoitumia kuwaambia kina mama wasukume. "'Kwanza jitumie barua hiyo wewe mwenyewe. Ikufikie, ujaribu kiraka. Kikiingia, tutumie sisi.' Hivyohivyo. Usiongeze."

Nukta akaandika. Bi Hadia alijitumia barua, akangoja, akaifungua, akajaribu. Kiraka kiliingia. Alijipangusa mikono kwenye aproni kana kwamba amezalisha, akapita kifungu cha pili na cha tatu bila kukwama, akafungua cha nne. Makundi yote matatu yaliinuka vitini.

"Hapa mnagombania nini?"

Walimweleza, kila kundi kwa zamu yake. Mzee wa nyuma naye akasema, "Baruani."

"Nikibonyeza, kuna tofauti yoyote kati ya hayo manne?"

"Kwa kubonyeza, hapana," alikiri mkuu wa Wakwenye.

"Sasa mwataka mtu afanye nini? Kwa mikono yake, afanye nini?"

Walifikiri. Mmoja akasema: asiambatishe. Mwingine akasema: akibandike chini ya maelezo yake.

"Andika, Nukta. 'Usiambatishe kiraka. Kibandike chini ya maelezo yako.'"

Kalamu ilipita juu ya karatasi. Kila kundi lilitafuta neno lake lilikopotelea. Hapakuwa na *ndani*, hapakuwa na *katika*, wala *kwenye*, na hakuna kundi lililoweza kusema limeshindwa na jingine. Mkuu wa Wandani aliketi taratibu kama mtu aliyestaafishwa. Kidawa, pale ukutani, alisikia machozi yakimjia kwa ghadhabu. Siku zote zile, na kumbe kilichohitajika kilikuwa kitenzi.

Bi Hadia alibandika, akatuma. Nukta alikipokea upande wa pili wa meza, akamtazama Bi Mkato. Bi Mkato aliinamisha kichwa. Karani akabonyeza, na neno *kabla* likatoka katika Mgawaji.

Bi Hadia hakungoja makofi. Alishatoka mlangoni alipopigiwa simu kutoka zahanati. Bomba lilikuwa limekohoa, likatema kutu, likaanza kutiririka, na wahudumu walikuwa wakiita kila mwenye ndoo. Homa ya Siwatu ilikuwa imeanza kushuka tangu asubuhi, ingawa bado hakuweza kumnyanyua mwanawe bila kusaidiwa.

Kidawa naye alitaka kuondoka. Begi lilikuwa tayari kichwani pale Bi Mkato alipoanza kusoma kumbukumbu za kikao ili zithibitishwe. "Baraza limepokea, kiraka cha mgeni, baada ya ucheleweshaji mdogo."

Begi likashuka.

"Hapana," alisema Kidawa.

"Umesema hapana. Una pingamizi, la maneno?"

"Ninalo. Hilo neno 'mdogo' si kweli."

Wajumbe walichangamka, kwa kuwa hapo walikuwa nyumbani. Mmoja alipendekeza "ucheleweshaji wa wastani". Mwingine alipendekeza "baada ya kipindi fulani". Wa tatu aliona "muda" peke yake unatosha, maana muda ni muda. Kidawa alivuta kiti, kiti ambacho hakuna aliyempa, akakaa mbele ya Bi Mkato.

"Siku thelathini na nane," alisema.

"Kumbukumbu zetu, hazina desturi, ya kutaja idadi."

"Leo zitakuwa nayo."

Walibishana naye. Walisema tarakimu huonekana kama lawama. Alisema ni lawama. Walisema huenda msomaji wa baadaye asielewe siku hizo zilikuwa za nini. Akasema basi waandike za nini, na akawapa maneno: za mwanamke aliyejifungua kwa kikombe kimoja na nusu cha maji. Walimwuliza kama ni kikombe cha chai au cha kupimia. Alikuwa hajui, na hilo lilimuuma. Nukta alimpigia simu Bi Hadia, akarudi na jibu: cha chai. Jioni ilipoanza kuingia, Wakwenye walikuwa wamekwenda zao, na mzee wa Baruani alikuwa amesinzia. Mara mbili Bi Mkato alifunga kitabu, na mara mbili Kidawa alikifungua.

Mwisho mwenyekiti alichukua kalamu kwa mkono wake, akakata neno *mdogo*, akaandika juu yake.

"Soma," alisema Kidawa.

Bi Mkato alisoma, na safari hii hakutua popote mpaka akamaliza: "Siku thelathini na nane."